Kokristali kwenye kidonge cha dawa mbili: anza na kikokotoo

Swali: Tunatengeneza kidonge chenye dawa mbili. Unga hautiririki vizuri, dawa moja hujitenga na nyingine kabla ya kufika kwenye mashine, na vidonge vinakatika juu kama kofia. Nimesikia kokristali humaliza haya yote. Ni kweli?

Jibu: Yote, hapana. Inalomaliza kweli ni kujitenga. Katika kokristali, molekuli za dawa zote mbili hukaa ndani ya fuwele moja, kwa uwiano usiobadilika, zikishikana hasa kwa vifungo vya hidrojeni. Utikise pipa upendavyo, kila punje bado ina dawa zote mbili.

Kukatika kunategemea molekuli zilivyopangwa. Parasetamoli ya kawaida haikandamiziki vizuri kwa sababu fuwele yake haina tabaka zinazoteleza. Ikiunganishwa na asidi oksaliki au theofilini, tabaka hizo hupatikana na kidonge hushikana zaidi. Ila kokristali nyingine yaweza kuwa mbaya kuliko ulichoanza nacho. Na utiririkaji ni suala la umbo la punje: zikitoka kama sindano, zitakwama vilevile.

Kabla ya kugusa chombo chochote cha maabara, piga hesabu. Uwiano wa kokristali ni wa molekuli, si wa miligramu. Seglentis, dawa ya maumivu ya kokristali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, ina miligramu 44 za tramadoli hidrokloridi na 56 za selekoksibu. Uzito wa molekuli zake ni takriban 300 na 381. Gawanya miligramu kwa uzito huo uone: ni molekuli moja kwa molekuli moja. Kokristali ndiyo iliyopanga dozi! Sasa chukua antibiotiki mbili zinazotolewa pamoja, trimethoprimu miligramu 80 na sulfamethoksazoli 400: kila molekuli ya kwanza inadai karibu 6 za pili. Fuwele ya molekuli moja kwa molekuli moja ingeacha sehemu kubwa ya sulfamethoksazoli nje, nawe ungerudi kuchanganya unga.

Dozi zako zikikubali, ogopa maji. Ukitengeneza chembechembe kwa kulowesha, dawa inayoyeyuka haraka inaweza kutangulia na fuwele ikavunjika. Mimi ningeanza na ukandamizaji mkavu, yaani kuunda chembechembe kwa kubana unga bila maji, kisha nipime kwa eksirei ya unga, kipimo kinachoonyesha kama fuwele bado ni ileile, mara tatu: baada ya chembechembe, baada ya kidonge kutoka mashineni, na baada ya kukihifadhi kwenye joto na unyevu.