Mwaka uliolika na tundu lililozibwa: maswali yenu ya sarafu

*Maalim, nimerithi pesa ya shaba yenye picha ya mizani, ya Sayyid Barghash, sultani wa zamani wa Zanzibar. Mwaka umelika, naona moja ya mwanzo na kijimkia kimoja tu. Ni ya mwaka gani? Msomaji, Wete*

Huna haja ya kuziona tarakimu zote nne za Kiarabu, ndugu yangu. Pesa za shaba za Barghash zinajulikana kwa miaka miwili, 1299 na 1304 ya Hijria, yaani 1881 hadi 1882 na 1886 hadi 1887 ya Miladia. Kazi yako ni kuchagua moja kati ya hiyo miwili.

Subiri usiku, zima taa ya chumba. Weka pesa juu ya kitambaa cheusi, kisha laza kurunzi ya simu ubavuni mwake, karibu iguse meza. Mwanga wa juu haukuonyeshi kitu, lakini wa ubavuni hutia kivuli kwenye kila mstari uliobaki, hata ule ambao kidole hakiuhisi. Usiisogeze taa, izungushe pesa, tena polepole. Tarakimu itajitokeza ukiigeuza upande mmoja na kupotea ukiigeuza mwengine.

Tazama nafasi ya tatu. Kwenye 1299 pana tisa, kichwa cha duara na mkia wake. Kwenye 1304 pana sifuri, na sote tuliopita chuo cha Kurani tunajua sifuri ya Kiarabu ni nukta tu. Nukta ikifutika huacha uwazi, na uwazi huo nao ni jawabu. Tarakimu ya pili usiiamini hata kidogo: tatu iliyolika hupoteza jino moja ikaonekana mbili, na nimeshuhudia watu wazima wakibishana barazani tangu alasiri mpaka magharibi kwa ajili ya jino hilo. Kijimkia chako kikiwa nafasi ya tatu au ya nne, na juu yake pana alama ya kichwa cha duara, basi unayo 1299.

*Niisafishe kwanza kwa ndimu ndiyo nisome vizuri? Msomaji huyo huyo*

Usithubutu. Nilipokuwa kijana nilisugua pesa ya bibi yangu kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua masinia ya shaba. Ilitoka inang'aa, nyekundu kama ngozi mbichi, na maandishi yaliyokuwa yanasomeka kwa shida yakawa hayasomeki kabisa. Ile rangi ya kahawia iliyokolea ndiyo iliyokuwa imeyashika. Mpaka leo ninayo, na kila nikiitazama inaniuma. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi yasiyo na chumvi, iache, kisha iguse kwa kitambaa laini bila kusugua.

*Reale ya bibi yetu, ile sarafu kubwa ya fedha, imeandikwa 1780 na imetiwa pete ya kuvalia mkufu. Ina miaka karibu mia mbili na hamsini kweli? Na hiyo pete ni kosa la kiwandani? Bi mmoja wa Makunduchi*

Shikamoo bibi. Mwaka ule hauwezi kukwambia umri wake. Malkia Maria Theresa wa Austria, mwenye sura kwenye reale hiyo, alifariki 1780, na tangu hapo reale zake zikaendelea kupigwa kwa mwaka huo huo, katika viwanda vya nchi mbalimbali, mpaka karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa pande zetu na za Arabuni hawakutaka nyengine. Ipeleke kwa sonara aipime: reale kamili ina gramu 28 na kidogo, na yako itazidi kwa uzito wa pete. Pete si kosa la kiwanda, ni kazi ya fundi. Wakusanyaji watakwambia imepungua thamani, nami nakwambia usiing'oe. Ukiing'oa litabaki kovu, na habari ya nani aliivaa itapotea.

*Nimeuziwa senti kumi ya mkoloni isiyo na tundu. Muuzaji anasema ni kosa adimu. Kijana, Darajani*

Senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati. Zilizotoka kiwandani bila tundu zipo kweli, na ndiyo maana watu huzitengeneza. Usiangalie uzito, kwani iliyozibwa nayo huwa nzito. Angalia kwa lenzi pale katikati. Tundu lililozibwa lina mstari wa duara wa kiungio, mwembamba kama unywele, na rangi ya ndani haifanani na ya nje. Igeuze utazame na upande wa pili, maana mafundi wengi hupendezesha upande mmoja tu. Ukikuta mstari, rudi ukadai pesa zako leo leo.

*Shilingi yangu ya Mwalimu Nyerere imemegeka ukingoni kama iliyong'atwa. Nitajuaje kama imetoka hivyo kiwandani? Mwalimu wa skuli, Chake Chake*

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu sarafu yenyewe ndiyo inayotoa ushahidi.

Visahani vya sarafu hukatwa kutoka kwenye bamba refu la madini, kama mama anavyokata vileja kwenye unga uliosukumwa. Bamba lisiposogea vya kutosha, kisu hushuka juu ya tundu lililokwisha kukatwa, na kisahani hutoka na pengo la mviringo. Halafu kisahani hubanwa pande zote ili ukingo uinuke. Penye pengo hapana cha kubanwa, kwa hiyo na upande unaolikabili ule mkandamizo hupungua. Basi acha pengo, nenda upande wake wa pili moja kwa moja. Ukikuta ukingo hapo umefifia, bapa, ingawa kwengineko umesimama, una dalili nzuri sana ya kosa la kiwanda. Ukikuta ukingo umesimama sawasawa pote, yamkini ni mkasi au tupa. Tazama pia herufi zilizo jirani na pengo: za kiwandani mara nyingi hujinyoosha kidogo kuelekea penye pengo, za mkasi hukatika ghafla.

*Nikiigeuza thumuni yangu, yaani senti hamsini, picha ya upande wa nyuma haikai wima, imezunguka kando. Msomaji, Mkunazini*

Ilinganishe na thumuni nyengine ya mwaka huo huo. Tofauti ndogo haina maana. Ikiwa picha imezunguka robo ya mzunguko au zaidi, muhuri unaopiga picha ulilegea mashineni, iweke.

*Tulipokuwa tunalima tumeokota vijisarafu vyembamba vyeupe, vidogo kuliko ukucha, vina Kiarabu lakini havina mwaka. Mwaka umefutika? Mkulima, Pemba*

Haukufutika, haukuwahi kuwekwa. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, huko huko Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata zaidi ya sarafu 2,000 za fedha za aina hii, zenye majina ya watawala wa kienyeji wa karne nyingi zilizopita. Maneno ya upande mmoja huwa na kina kimoja na ya upande wa pili, kama mishororo miwili ya shairi, kwa hiyo upande mmoja ukiliwa, kina cha mwenzake husaidia kuukisia.

Msivioshe, msiviuze, wala msiendelee kuchimba. Wekeni alama pale mlipoviokota, muwaite watu wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale waje kwenye shamba lenyewe. Udongo uliovizunguka ndio utakaowaambia umri ambao sarafu haikuandika.