Maswali na majibu: Vipimo vya fangasi kwa wagonjwa wa damu

Shikamoo daktari. Duka la dawa wamesema nina fangasi kwenye damu kwa kuwa nawashwa. Nikapime galaktomanani? (Igoma)

Marahaba. Hapana. Swali hili haliishi, na wanaouza "dozi ya kusafisha fangasi wa damu" wanakula hela zenu. Kipimo hicho hutafuta kwenye damu sukari ya ukuta wa ukungu aitwaye aspajilasi, na ni cha waliopungukiwa kinga sana, kama mgonjwa wa lukemia (saratani ya damu) aliye kwenye kemo (dawa za saratani). Kwa mwenye kinga nzima, jibu chanya mara nyingi ni la uongo. Kaonyeshe ngozi yako hospitali.

Mgonjwa wetu wa lukemia ana homa siku ya tano licha ya antibaotiki. Galaktomanani ya damu imesoma 0.6. Ni fangasi? (Muuguzi, Sengerema)

Neutrofili zake (seli nyeupe za kinga) ngapi? Anatumia dawa gani? CT ya kifua (picha ya kompyuta) imeonyesha nini? Kila wiki naletewa namba bila mgonjwa. Watengenezaji huhesabu chanya kuanzia 0.5, lakini vigezo vya utafiti vya mwaka 2020 vinataka 1.0 kwa sampuli moja ya damu. Hivyo rudieni kwa sampuli mpya, na apigwe CT haraka. Eksirei inaweza kuonekana safi ilhali aspajilasi tayari imo mapafuni.

Kama anameza posakonazoli (dawa ya fangasi) ya kujikinga, kipimo huweza kusoma hasi na ugonjwa upo. Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya matibabu, seramu (maji ya damu) itenganishwe, ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na chupa isifunguliwe ovyo, maana mbegu za ukungu zimo hewani. Lakini neutrofili zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita na homa haishuki, daktari wake asingoje karatasi ya majibu ndipo aamue dawa. Na flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, haiigusi aspajilasi, tafadhali.

Beta-glukani (kipimo kingine cha fangasi kwenye damu) imepita 80, yaani chanya, lakini kalcha (kuotesha damu) haioti kitu. Nani mwongo? (Mtaalamu wa maabara, Mwanza)

Huenda hakuna. Uliza kwanza alichopewa: albumini, imunoglobulini, dayalisisi (kusafisha damu kwa mashine) ya utando wa selulosi, bandeji nyingi za gozi kidondani. Vyote hupandisha namba. Kalcha nayo hukosa karibu nusu ya kandida vamizi (fangasi wa jamii ya hamira walioingia ndani ya mwili), na hukosa zaidi mnapoleta mililita mbili za damu. Mtu mzima anahitaji mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa.

Galaktomanani na beta-glukani zote zimetoka hasi. Tuseme hana fangasi? (Geita)

Hapana! Mukomaisesi, ukungu wa aina nyingine, hawaonekani kwa galaktomanani wala beta-glukani. Uso ukivimba upande mmoja, au ndani ya pua kukiwa na gaga jeusi, aitwe daktari wa pua na koo leo hii. Kipande cha nyama kiende patholojia (maabara ya kuchunguza nyama za mwili) na fomu iseme wazi kwamba mnatafuta fangasi. Dawa ni amfoterisini B, vorikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, haiwawezi.

Ana VVU, kichwa kinamuuma wiki mbili. Beta-glukani? (Ukerewe)

Hapana, pimeni antijeni (alama) ya kriptokokasi, fangasi anayeshambulia ubongo, kwenye damu na maji ya uti wa mgongo. Leo.