Bustani karibu na Xiaobei, Guangzhou
Ndugu, umeuliza kama Guangzhou, China, kuna bustani ya kutembea na watoto bila kwenda mbali na Xiaobei mlikofikia, na pa kuswali Ijumaa. Nendeni Yuexiu. Kuingia ni bure, na kituo cha metro, laini namba 2, kina jina hilohilo.

Wahini asubuhi, nakusihi. Mtawakuta wazee wakicheza tai chi, mazoezi ya mwili ya Kichina, polepole chini ya miti. Mimi nilimtazama mzee mmoja akiandika sakafuni kwa brashi ndefu aliyoichovya kwenye maji; herufi za mwanzo zilikauka kabla hajamaliza mstari, naye akaanza upya kwa utulivu uleule.

Watoto waonyeshe sanamu ya mbuzi watano, wale wa hadithi ya kale iliyoupa mji jina la Mji wa Mbuzi. Juu kilimani kuna mnara wa Zhenhai, wa mwaka 1380. Ngazi ni nyingi, kigari cha mtoto kiacheni.

Ijumaa vukeni upande wa magharibi: jirani na Bustani ya Okidi kuna msikiti na kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas.