Umepiga Windows upya na mafaili yamegoma kufunguka? Majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yana kilio kimoja, mtu kapiga Windows upya, mafaili anayaona, kuyafungua hawezi. Kabla hujasoma jibu lolote hapa chini, kama ni wewe, acha kuandika chochote kwenye hiyo diski, usishushe programu wala usihamishe picha, izime kabisa ukiweza.

Nilifomati C nikapiga Windows upya, D sikuigusa. Sasa mafaili ya kazi yaliyoko D yana kialama cha kufuli, nikibonyeza naambiwa "Access is denied". Nimetengeneza yuza kwa jina lilelile na paswedi ileile lakini wapi.

Mkuu hiyo ni EFS, ufungaji wa faili mojamoja uliopo tangu Windows 2000, ule wa kubonyeza kulia, Properties, Advanced, unatiki "Encrypt contents to secure data" halafu unasahau kabisa kama uliwahi kutiki. Jina na paswedi havikusaidii kwa sababu Windows haikutambui kwa jina, inakutambua kwa SID, ile namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na ukipiga upya unapewa nyingine. Tena kila faili lina ufunguo wake, na huo ufunguo umefungwa kwa sertifiketi yako, yaani cheti cha kidijitali ambacho Windows ilikutengenezea, na ufunguo wa siri wa hiyo sertifiketi ulikuwa unakaa kwenye profaili yako ya zamani, ndani ya AppData\Roaming\Microsoft, kwenye folda za Crypto na Protect. Yaani mafaili yalikuwa D lakini ufunguo ulikuwa C, na C ndo umeifomati. Paswedi yenyewe kazi yake ilikuwa kuulinda huo ufunguo tu.

Sasa fanya hivi. Fungua CMD, lile dirisha la kuandika amri, nenda kwenye folda husika, andika `cipher /c jina-la-faili`. Itakuonyesha nani anaruhusiwa kulifungua hilo faili na alama ya sertifiketi yake, ile "thumbprint", mstari mrefu wa herufi na namba. Ndo hiyo unayoitafuta, nyingine yoyote haikufai. Halafu pekua flashi zako zote, bakapu, mpaka barua pepe ulizojitumia mwenyewe, kutafuta faili la .pfx, ndo nakala ya sertifiketi na ufunguo wake, maana Windows huwa inakuletea ujumbe wa kukuomba uhifadhi nakala ya ufunguo mara ya kwanza unapofunga faili, na wapo waliotii. Ukilipata, libonyeze mara mbili, weka paswedi uliyoliwekea wakati ule, liingie kwenye Personal, na mafaili yanafunguka hapohapo, hamna kingine cha kufanya.

Kama hamna .pfx, angalia kama C ina folda ya Windows.old. Wewe umefomati kwa hiyo sidhani kama ipo, ila nawaambia na wengine, mtu akipiga Windows juu ya nyingine bila kufomati profaili yake ya zamani inabaki humo, na kawaida Windows inaifuta yenyewe baada ya siku 10, kwa hiyo ihamishe leo. Ukiwa na hizo folda nzima na unakumbuka paswedi ya zamani, programu kama Advanced EFS Data Recovery ya Elcomsoft inaweza kuutoa ufunguo. Uliyefomati umebakiwa na kujaribu kurudisha vilivyofutwa kwenye C, na hapo aina ya diski inaamua, HDD, ile diski ya kuzunguka, ina matumaini kidogo, SSD matumaini ni finyu sana sababu ya TRIM, inaambiwa hizi sehemu hazina kazi tena na inazisafisha kimyakimya.

Nimechukua "ownership" ya folda nzima na kujipa Full Control, mbona bado?

Kwa sababu hivyo ni vitu viwili tofauti. Ruhusa ni Windows inakukatalia kuingia, ukiwa admini unaipita. Enkripsheni ni data yenyewe imevurugwa pale kwenye diski, ukiwa admini unaona mvurugo uleule. Usiendelee kuchezea ruhusa, haitasaidia.

Mimi sikupiga Windows. Nilisahau paswedi, fundi akanibadilishia kwa akaunti ya admini, kuingia naingia ila mafaili ya EFS yamegoma.

Wewe una nafuu kubwa dada. Ufunguo wako bado upo, ila umefungwa kwa paswedi ya zamani na huyo fundi aliibadilisha kwa nguvu, bila kupitia ile ya zamani. Ukiikumbuka, badilisha paswedi irudi ileile, toka, ingia tena, jaribu faili moja.

D yangu ina BitLocker, zamani ilikuwa inafunguka yenyewe, sasa inadai namba ya tarakimu 48.

BitLocker inafunga diski nzima, siyo faili mojamoja kama EFS. Ilikuwa inafunguka yenyewe kwa sababu Windows ya zamani ilikuwa inautunza ufunguo wake huko C. Kama uliweka paswedi ya D, tumia hiyo. Kama hukuweka, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, aka.ms/myrecoverykey, utakuta orodha, na usikimbilie ya kwanza, linganisha herufi 8 za mwanzo za Key ID na zile zinazoonyeshwa kwenye skrini. Kama kompyuta ni ya kazini waulize watu wa IT. Na kama uliandika kwenye karatasi na inakataa, chukua kila fungu la tarakimu 6 uligawe kwa 11, lisipogawanyika sawasawa basi hapo ndo ulipokosea kunakili.

Linux je? Nina patisheni ya LUKS, paswedi naijua vizuri, nimeinstoli distro nyingine.

LUKS ni ufungaji wa patisheni nzima kwenye Linux, kwa hiyo inategemea instola iliigusa au haikuigusa. Andika `lsblk -f`. Ikionekana crypto_LUKS, piga `sudo cryptsetup open /dev/sda3 data` (weka jina la patisheni yako), kisha unaimaunti /dev/mapper/data, umemaliza. Ikionekana ext4, pole sana ndugu yangu. Ufunguo halisi unakaa kwenye heda mwanzoni mwa patisheni, LUKS2 kwa kawaida inatenga MiB 16 hapo, na paswedi yako inafungua heda tu. Heda ikiandikwa juu, paswedi haina cha kufungua, labda uwe ulitoa nakala ya heda kwa luksHeaderBackup ukaiweka pengine.

VeraCrypt?

Hiyo ni programu inayofunga mafaili yako ndani ya kontena, yaani faili moja kubwa. Iinstoli, chagua kontena lako, weka paswedi. Kila kitu kiko ndani ya kontena lenyewe, Windows haihusiki.

Kuna jamaa anasema ana programu ya kuvunja EFS, nitangulize hela.

Usitume. Mafaili ya EFS kwenye Windows za sasa yamefungwa kwa AES-256, njia ya enkripsheni yenye ufunguo mrefu sana, hakuna anayeivunja hiyo. Programu za kweli zinatafuta ufunguo uliobaki, na kama haupo zitakuambia haupo, toleo la majaribio linatosha kukuonyesha hilo kabla hujalipa.

Napiga Windows kesho, nifanye nini leo?

Andika `cipher /u /n`, itakutajia mafaili yote ya EFS kwenye mashine. Kama yapo, ama uyatoe tiki, ama utoe ufunguo kwa `cipher /x`, upe paswedi, uhifadhi hiyo .pfx nje ya kompyuta. Za BitLocker chukua namba ya tarakimu 48 ya kila diski, siyo C peke yake. Halafu chukua hiyo .pfx uiingize kwenye kompyuta nyingine yenye Windows Pro, chomeka diski yenye faili mojawapo, ulifungue. Likigoma, usifomati kwanza.