Wasomaji Wanauliza: Siku Moja Tarangire, Tuitumieje?

SWALI: Ndugu mhariri, mwezi Julai mwaka jana mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulikodi gari pamoja na dereva, tukaingia Hifadhi ya Taifa ya Tarangire asubuhi na kutoka jioni. Kila redio ya dereva ilipotaja simba tulikimbizwa huko, na tulipofika tulikuta magari zaidi ya kumi yamezunguka kichaka, tukaambulia kuona mkia. Tulirudi nyumbani tumejaa vumbi, na watoto hawakuweza kumsimulia bibi yao habari ya mnyama hata mmoja. Septemba hii tunataka kwenda naye bibi mwenyewe, mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71 na ambaye hajawahi kuingia hifadhini. Je, siku moja inatosha kweli, na tuitumie namna gani? Msomaji, Babati.

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza mfikishie mama shikamoo yetu. Siku moja inatosha, na mwezi mliouchagua ni mzuri kuliko karibu miezi yote. Wakati wa mvua nyumbu na pundamilia wengi wa Tarangire hutoka nje ya hifadhi na kwenda kuzaa katika mbuga za Simanjiro, lakini kiangazi kinapokolea na madimbwi ya huko kukauka, hurudi kuutegemea Mto Tarangire, pamoja na tembo, nyati, twiga na swala pala. Kwa kuwa kiu ndiyo inayowaleta wanyama mtoni, hamna sababu ya kuzunguka hifadhi yote yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,850 mkiwatafuta. Tangulieni mtoni, mtafute mahali palipo wazi, zimeni injini na mkae.

Najua ushauri huu ni mgumu kuutekeleza, na sipendi kumtupia dereva lawama yote. Madereva wengi hukimbilia simba kwa sababu abiria wengi huwapima kwa simba. Zungumzeni naye mapema, siku ya kukubaliana bei, wala msingoje hadi mfike langoni: mwambieni kwamba mnataka kukaa mahali pamoja saa nzima au zaidi, na kwamba simba asipoonekana hakuna atakayenung'unika. Dereva akishaelewa hivyo, mara nyingi huwa mwalimu mzuri sana, kwa maana anayajua mengi ambayo hakuna anayemuuliza.

Mtakachokiona mkitulia ni hiki. Mwezi Septemba sehemu kubwa ya mto huwa ni mchanga mtupu kwa juu, lakini maji yangali chini. Tembo husimama hapo, akafukua kwa unyayo wa mguu wa mbele, kisha akaingiza ncha ya mkonga shimoni na kutoa mchanga kidogo kidogo, akangoja maji yajikusanye. Nimewahi kumtazama jike mmoja akifanya kazi hiyo kwa muda mrefu hadi mkonga ukazama karibu nusu, huku wengine wamepanga foleni nyuma yake na ndama akijaribu kupenya katikati ya miguu yake. Waonyesheni watoto jambo moja: ndama ambaye hajatimiza miezi sita hivi bado hajui kunywa kwa mkonga, kwa hiyo huinama au hupiga magoti na kunywa kwa kinywa. Tembo wakiondoka, msiwashe gari haraka, kwa kuwa nyani na pundamilia huweza kuja kunywa katika mashimo yale yale.

Kisha mwoneshe mama yule jike mkubwa anayetangulia kundi. Kundi la tembo ni la majike na watoto wao, na anayeliongoza ni bibi. Mwaka 1993 Tarangire ilipata ukame mkali, na watafiti waliokuwa wakiwafuatilia tembo wa huko walihesabu ndama 81, ambao 16 kati yao walikufa katika muda wa miezi tisa. Makundi yaliyotoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho mahali pengine yaliwaokoa ndama wengi zaidi kuliko lile lililobaki. Yaliyotoka yalikuwa na majike wazee wa kutosha kuwa hai wakati wa ukame mkubwa wa miaka ya 1958 hadi 1961, na watafiti wanaona kwamba huenda wazee hao walikumbuka pa kwenda. Nadhani habari hiyo, ikisimuliwa ndani ya gari lenye bibi na wajukuu huku tembo mwenyewe yuko mbele yenu, itawakaa watoto kuliko mkia wa simba.

Na simba naye anaweza kupatikana bila redio. Swala pala wote wakiacha kula na kuelekeza nyuso upande mmoja, tazameni upande huo. Twiga aliyesimama wima bila kutafuna naye ana analoliona. Tumbili wana milio tofauti kwa chui, kwa tai na kwa nyoka, jambo lililothibitishwa na watafiti huko Amboseli, Kenya, na kulitangaza mwaka 1980. Wapeni watoto kazi ya kuwatazama wanyama hawa, na darubini moja ipokezanwe.

Mengine ni mepesi. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, basi ondokeni Babati alfajiri ili saa za ubaridi msizipoteze barabarani. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa sababu raia hulipa kiingilio kwa shilingi tena kidogo sana kuliko mgeni, na malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Mama akae kiti cha mbele. Jua la mchana likiwaka, pumzikeni katika eneo la kulia chakula, ambalo lina choo, lakini chakula kisiachwe mezani hata dakika moja, maana tumbili wa hapo ni wepesi. Tembo dume mkimwona anatiririsha maji meusi kati ya jicho na sikio, mpisheni mbali.

SWALI: Niliambiwa nisivae nguo ya bluu Tarangire. Ni kweli au ni imani tu? Msomaji, Moshi.

JIBU: Ni kweli. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na ndiyo maana vitambaa vya rangi hizo, vilivyotiwa dawa ya kuwaua, hutundikwa kandokando ya njia za hifadhini. Ukivaa hivyo unakuwa kama kitambaa kile, isipokuwa wewe huna dawa. Vaa nguo za rangi ya udongo au ya majani makavu, zenye mikono mirefu na kitambaa kizito, kwa kuwa mbung'o hutoboa nguo nyepesi na dawa za kawaida za kufukuza mbu hazimzuii sana. Vilevile hufuata gari linalokwenda, kwa hiyo mkipita porini kwenye miti mingi fungeni madirisha, myafungue mkishasimama mtoni.