Samaki Taa Si Mmoja: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Yule taa mdogo wa madoa ya buluu ni mtoto wa yule mkubwa mweusi? (Sahare)
Hapana, na swali hili nimelijibu mara nne tangu kusi ianze. Mdogo ni Taeniura lymma, mkubwa ni Taeniurops meyeni. Ni ndugu, zamani waliwekwa jenasi moja. Mdogo upana wake ni kama sentimita 35, na mkiani ana michirizi ya buluu. Mkubwa hufika mita 1.8, wa kijivu mwenye mabaka meusi, na chini ya mkia ana utando mpana mweusi. Mtoto wa mkubwa hazaliwi na madoa ya buluu. Tazameni mkia jamani!

Taa hutaga?
Hazai mayai, anazaa watoto.

Yupi yuko hatarini? (Kigombe)
Mkubwa. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inamweka miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Mdogo tangu 2021 yumo kundi la wasiotishiwa. Mkubwa huzaa watoto wasiozidi saba kwa mimba moja, na jarife, wavu wa matundu makubwa, halimwachi. Juzi sokoni Deep Sea jike lilipasuliwa mbele yangu. Tumboni mlikuwa na watoto wanne, mabawa yamekunjwa kama chapati, bado wamelowa ule ute kama maziwa ambao mama huwalisha humo ndani. Wakatupwa pamoja na matumbo. Na daftarini aliandikwa "taa" tu, kama wanavyoandikwa wote! Wenzangu wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi ufukweni, andikeni yupi, maana asiye na jina hatutajua alipokwisha. Wala msimwone mdogo yuko salama: nyumba yake ni matumbawe, na uvuvi wa baruti umeyavunja mengi hapa kwetu.

Nimechomwa mguuni, nipake majivu?
Usipake. Loweka kwenye maji ya moto, yapime kwanza kwa mkono usije ukaungua, nusu saa hadi saa moja na nusu. Kisha nenda hospitali, kwani kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Mwiba ukiingia kifuani au tumboni usiuchomoe. Steve Irwin, yule Mwaustralia wa vipindi vya wanyama kwenye televisheni, alichomwa na taa kifuani mwaka 2006 akafariki. Maji yakijaa mdogo hupanda mchangani kutafuta kaa, kwa hiyo tembea ukiburuta miguu. Mwiba wake umekaa nyuma zaidi mkiani kuliko wa taa wengi. Ukimshika shina la mkia ukidhani umekwepa, anakupata.

Basi tuache kuvua? (Mwambani)
Sijasema hivyo. Jike kubwa lenye tumbo likinaswa hai, kata uzi, liachie. Jarife utalishona jioni.