Maswali ya wasomaji: Basi lipo, mbona kila nyumba ina gari?

SWALI: Kwetu basi hupita kila baada ya saa moja na nauli si kubwa, ila linapita nusu tupu. Watu wanang'ang'ania magari. Ni uvivu au ni kujionyesha?

JIBU: Si uvivu. Hesabu safari nzima, usihesabu dakika za ndani ya basi peke yake. Kutembea meta 400 hadi kituoni ni dakika 5. Anayefika bila kutazama ratiba husubiri, kwa wastani, nusu saa. Anayeijua ratiba naye hajapona: kazi ikianza saa 2:00 asubuhi na basi likifika 1:20 na 2:20, kila siku anakaa bure dakika 40. Na kama basi la mwisho linaondoka saa 2:00 usiku, anayetoka zamu saa 4:00 hatalipanda hata asubuhi, maana hana la kumrudisha.

Gari likishanunuliwa, bima imeshalipwa. Basi sasa linashindana na bei ya mafuta tu. Tena wakipanda wanne, mafuta ni yale yale, wakati nauli ni nne.

Halafu kuna ramani ya makazi. Eneo la meta 400 kuzunguka kituo ni kama hekta 50. Penye nyumba 10 kwa hekta, kituo kinahudumia nyumba 500; penye 50, ni 2,500, kwa basi lile lile na dereva yule yule. Barabara za mtaa zisizotokezea hupunguza hata hizo 500: mtu ukuta wake unapakana na kituo, lakini anazunguka kilometa nzima kukifikia. Hapo kichochoro kimoja kinafaa kuliko basi jipya.

SWALI: Tumeahidiwa basi la pili. Tuombe lipite wapi?

JIBU: Pale pale. Kama mzunguko mzima ni dakika 60, basi moja hupita kila saa, mawili kila dakika 30, manne kila 15, na hapo ndipo watu huacha kuulizia ratiba. Ruti mpya ya kila saa hupendeza kwenye ramani, basi. Ombeni pia safari ya usiku. Na msikubali dakika za kupumzika mwisho wa ruti zikatwe: zikikosekana, ucheleweshaji wa mzunguko mmoja huhamia unaofuata, mabasi yote mawili yakaishia kufuatana, la mbele limejaa, la nyuma tupu.